Umeme Niliouchagua kwa Woga

Wangari mwanangu,

Nakuandikia nikiwa hapa kwenye banda, nimekalia kile kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Wewe uko ndani ya nyumba unakunja nguo, na nasikia unavyomcheka baba yako anayetaka ubebe blanketi mbili. Nimewaambia nina kazi ya kumalizia. Kazi yenyewe ni hii barua.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za kanisa, wala za watu wa kujihadhari nao huko Kisumu. Hayo tumeyasema mpaka siku hizi unanijibu kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nataka tuongee kuhusu pawasaplai, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kuendesha mota. Cheka tu, najua unacheka. Lakini unaenda kufanya kazi na watu wanaotengeneza mashine ndogo za kuchonga, na umeniambia jambo la kwanza watakalokupa ni kuchagua umeme wa kuendesha mota za mashine mpya. Kila mtu hapo atakuwa na lake la kusema. Na mimi nina langu. Nililipata kwa shida, na wewe ulikuwepo, ila kuna upande wa habari hiyo ambao ulikuwa ndani yangu na sijawahi kukuambia.

Tulipoanza, nilikuwa nachonga misalaba ya makaburi na vibao vya makanisa kwa mkono, hapa hapa Ngoingwa, kwenye banda hili la mabati. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo, na ulikuwa umechoka kunisaidia kupiga msasa. Ukasema unaweza kutengeneza mashine ichonge yenyewe, ikifuata mchoro wa kompyuta. Nilikuachia nikidhani utachoka. Ukatoa vyuma vya kutelezea kwenye fotokopi mbovu, ukaunda fremu, ukaleta mota nne za stepa, zile zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo: mbili za kusukuma daraja la mashine mbele na nyuma, moja ya kwenda kando, na moja ya kuinua na kushusha kisu.

Nilichukua moja nikaigeuza, nikasoma kibandiko chake.

"Hii imeandikwa volti tatu, hata hazifiki. Wewe unataka kuipa ngapi?"

"Thelathini na sita, mum."

"Wee! Utatuchomea nyumba."

"Haiendi hivyo. Kuna draiva katikati. Draiva ndiyo inapima ampea za kuingia kwa mota, hairuhusu zipite. Volti ni za kusukuma tu."

"Zisukume nini na mota imesema tatu?"

"Mathe, si uniamini tu."

Sikukuamini, na sasa nikuambie kwa nini. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo huko Thika mjini. Siku moja fundi aliambiwa aharakishe mashine ya kufuma kwa sababu kulikuwa na oda kubwa, naye akaisukuma kupita uwezo wake. Kisanduku cha umeme kilipasuka mbele ya rafiki yangu Njeri. Nilikuwa nimesimama karibu naye, tukiongea habari za harusi ya mtu. Aliokolewa, lakini mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono wa kushika sindano, na kiwandani hakurudi tena. Tangu siku hiyo, nambari kubwa ya umeme nikiiona naiogopa kabla sijaifikiria. Wewe ulikuwa unazungumza habari za koili na draiva, na mimi nilikuwa namwona Njeri.

Kwa hivyo nilikuchagulia. Tulikuwa na kompyuta ya zamani iliyokufa, nikakuambia utoe pawasaplai yake, ile inayotoa volti kumi na mbili, ama mashine haitawashwa kwangu. Uliitoa ukaifunga. Na kusema kweli ilifanya kazi. Ilichonga nambari za nyumba na majina ya vibanda kwenye plaiwudi nyembamba, taratibu, bila kelele. Nilijigamba kwa majirani. Kila ulipotaka kuongeza mwendo nilikukatalia, nikakuambia mashine iko sawa vile ilivyo.

Kisha akaja Mzee Kariuki.

Alitoka Ruiru, mbele ya Kamakis, na pikapu ya mpwa wake. Alikuwa ameona msalaba tuliomchongea mtu wa kanisa lao. Mke wake, Grace Wairimu, alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki hiyo. Alishusha mbao mbili mwenyewe, akamkataza mpwa wake kuzishika. Zilikuwa za mti wa mukima. Alisema mti wenyewe aliupanda mkewe mwaka waliohamia shamba lao, na upepo ulikuwa umeuangusha kabla hajaanza kuugua. Mbao nyingine zilikuwa zimetumika kwenye paa. Hizo mbili ndizo zilizobaki.

"Moja iwe msalaba," akasema. "Nyingine ni ya akiba, kama ya kwanza itakataa. Lakini naomba isikatae."

Unakumbuka nilivyokuwa siku hiyo ya Alhamisi. Maneno yalikuwa mengi: jina, tarehe, mstari wa Biblia, na maua pembeni. Nilitazama saa, nikatazama ubao, na mimi ambaye nilikuwa nimekunyima umeme wa kutosha ndiye niliyekuambia, "Ongeza mwendo. Kwa hii speed tutamaliza lini?" Ulinitazama. Ukasema mota zitakosa nguvu. Nikasema ongeza.

Mota hizi hazina macho. Kompyuta inaziambia ziende hatua kadhaa, na inaamini zimekwenda. Zikikosa nguvu njiani zikaruka chache, hakuna anayejua, mashine inaendelea kuchonga kwa bidii mahali pasipo pake. Jina la Grace lilitoka zuri. Wairimu lilianza vizuri, kisha herufi zikaanza kupanda, kila moja juu kidogo ya iliyotangulia, mpaka U ya mwisho ikagusa maua. Ulipobonyeza kitufe cha kuzima ilikuwa imechelewa.

Nilikugeukia nikasema umeharibu mchoro. Nilisema na mengine, hayo siyarudii.

Ulichukua mita ya kupima umeme, ukaigusisha kwenye nyaya za pawasaplai, ukaniambia niangalie nambari huku ukiendesha mashine bila kisu. Ikiwa imetulia, nambari ilisimama kumi na mbili na kitu. Mota zote zilipoondoka pamoja ikashuka chini ya kumi na moja, ikapanda, ikashuka tena. Ukachukua penseli, ukachora kwenye kipande cha mbao. Ukanieleza kwamba koili ya mota haijai umeme papo hapo, inachukua muda kidogo. Mashine ikienda pole, koili inapata muda wa kujaa na mota inakuwa na nguvu zake zote. Ikienda mbio, hatua inaisha kabla koili haijajaa. Volti nyingi kazi yake ni kuijaza haraka. Koili ikishajaa ampea zake, draiva inafunga mlango. Ndiyo maana mota ya volti tatu inaweza kupewa thelathini na sita na isiungue.

Ulikuwa umenieleza hayo hayo miezi mingi nyuma. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na ubao wa marehemu ulioharibika mbele yangu.

Ijumaa asubuhi tulishuka Thika. Nataka ukumbuke ulivyochagua, kwa sababu ulichagua vizuri, na nilikuwa nimesimama nyuma yako nikitazama. Kijana wa duka la kwanza alituwekea pawasaplai ya volti arobaini na nane.

"Chukua hii, mami. Kubwa ndiyo poa, haiwezi kukuaibisha."

Ukamuuliza draiva zetu zinavumilia ngapi, kama kwamba yeye ndiye anayejua. Hakujua. Ukamwambia mwisho wake ni arobaini na mbili, na kwamba mota inayosimamishwa ghafla inarudisha umeme nyuma, kwa hivyo hata usifike karibu na mwisho, lazima uache nafasi. Akaleta nyingine iliyoandikwa ampea ishirini kwa wino mkubwa. Ukaipima kwa mkono, ukanipa na mimi. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu, na skrubu za kufungia nyaya zilikuwa ndogo kuliko za redio. Ukamshukuru kijana, tukatoka.

Duka la pili lilikuwa na moja ya mtumba, ya volti thelathini na sita, nzito, ina feni yake na kifuniko cha chuma chenye matundu. Hapo nami nikataka kujionyesha. Nikachukua ampea za mota moja nikazidisha kwa nne, nikasema hii haitoshi. Ukaniambia kwa sauti ya chini, ili muuzaji asisikie, kwamba watu wengi hufanya hesabu hiyo. Ampea za kwenye mota zinazunguka kati ya mota na draiva, zinazovutwa kutoka kwa pawasaplai ni chache zaidi, na theluthi mbili ya jumla inatosha na kubaki. Nilishukuru kwamba ulinong'ona, tukainunua.

Tuliporudi, Mzee Kariuki alikuwa tayari ameketi kwenye benchi hapo nje, amevaa koti jeusi. Alikuwa amekuja kuchukua msalaba. Ilibidi nimwambie kuhusu ubao wa kwanza. Alitikisa kichwa tu, akauliza kama wa pili bado uko. Wewe ulikuwa umeshafunga nyaya. Ukaniambia, "Mum, usiwashe bado, nakimbia kununua fyuzi," ukatoka.

Mwanangu, nilikuwa na mtu aliyefiwa mbele yangu, nimeharibu ubao wake, na nilitaka aone kwamba sisi ni watu wa kazi. Nikachomeka plagi ukutani nikawasha.

Ulisikia mlio ukiwa njiani. Mzee alisimama, mimi nilikuwa nimerudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mabati, na banda lilijaa ile harufu ya umeme ulioungua ambayo nilikuwa sijaisikia tangu kiwandani. Ubavuni mwa pawasaplai kulikuwa na swichi ndogo nyekundu, imezama ndani ya tundu lake, ya kusogezwa kwa bisibisi. Ilikuwa imewekwa kwa umeme wa nchi nyingine, wa mia moja na kumi na kitu. Wetu wa ukutani ni mia mbili na arobaini. Aliyeitoa huko kwenye mashine ya kwanza hakuisogeza, na mimi sikuitazama.

Ukatokea mlangoni, fyuzi mkononi. Ukaiona swichi. Ukaniona mimi. Nilijua ninachostahili kuambiwa, maana siku iliyotangulia nilikuwa nimekuambia makubwa kuliko hayo kwa kosa ambalo halikuwa lako.

Ukauliza, "Umeumia?"

Nikasema hapana. Ukashika mkono wangu wa kulia ukaugeuza, ukaangalia kiganja, ukaangalia vidole kimoja kimoja. Kisha ukachomoa plagi.

Nilimwambia Mzee nitampigia fundi wa kuchonga kwa mkono huko Makongeni, pengine ataweza. Wewe ulikuwa umekaa chini sakafuni. Kisha ukasema, "Turudishe ile ya zamani."

"Ile iliyoharibu?"

"Haikuharibu sababu ni ndogo, mum. Iliharibu sababu tuliiharakisha. Tukiipunguza kabisa, na kisu kiingie kidogo kidogo, haitaruka hata hatua moja."

"Itachukua mchana mzima."

Mzee Kariuki akakohoa. "Mimi niko na mchana mzima," akasema. "Nyumbani kumejaa watu. Wananiuliza kama nimekula."

Basi ukairudisha. Mota ya kuzungusha kisu, si ile ya kukiinua, ukaichomeka kwenye soketi nyingine isije ikazinyang'anya zile nne umeme. Ukapunguza mwendo mpaka daraja la mashine likawa linatambaa, ukaweka ubao wa pili, ukaufunga, ukaukagua, ukaufunga tena. Nikachemsha chai. Tulikaa watatu tukitazama herufi zikitoka kama meno ya mtoto, na Mzee akaanza kuongea. Alituambia jinsi mkewe alivyokuwa akimwagilia ule mukima maji ya kuoshea vyombo, na jinsi walivyogombana kwa sababu uliziba dirisha lake. Alituambia alivyomfundisha kuendesha gari kwenye barabara ya vumbi ya Kamakis, enzi ambazo hapo hapakuwa na hata kibanda kimoja cha nyama, mkewe akagonga ng'ombe wa jirani. Mashine ilikuwa kwenye R ya Wairimu. Wote watatu tukasogea karibu. Ikapita I, M, na U, zote kwenye mstari mmoja.

Jua lilipokaribia kuzama tulimfutia vumbi msalaba. Alipitisha kidole ndani ya kila herufi. Kisha akauliza ule mwingine uko wapi.

Nilikuwa nimeuficha nyuma ya magunia. Sikutaka kuutoa, lakini wewe ukautoa. Aliuweka magotini, akatazama jina la mkewe likipanda mlima kuelekea kwenye maua, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ngai! Hivi ndivyo alivyokuwa akiandika," akasema. "Haki ya Mungu. Hata barua ya kwanza aliyoniandikia, mistari yote ilipanda. Nilikuwa naisoma nimeinamisha kichwa." Akafuta macho. "Huu nao ni wangu. Huu hautaenda makaburini."

Akaondoka na zote mbili. Kesho yake tulienda Ruiru mazishini, na ule wa kupanda mlima ulikuwa umesimamishwa sebuleni kwake, juu ya kabati la vyombo.

Baadaye tulinunua pawasaplai nyingine ya volti thelathini na sita. Ulinipa bisibisi, ukaniambia niisogeze ile swichi nyekundu mwenyewe, na fyuzi niiweke mwenyewe. Ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Mota haziungui. Nazigusaga kila jioni, zina joto la kikombe cha chai kilichoachwa kidogo.

Upande ambao sijakuambia ni huu. Mwaka jana watu wa Kisumu walipokuita mara ya kwanza, nilikuambia ngoja kwanza mashine itulie, oda ni nyingi, siwezi peke yangu. Mashine ilikuwa imetulia zamani. Na naweza peke yangu. Umenifundisha kila kitu mpaka kubadilisha draiva. Nilikuwa nimesoma kibandiko chako, mtoto mwembamba wa Ngoingwa aliyebeba jina la mama yangu hata namwita maitu, yaani mama, nikaona nambari ndogo, nikataka kukupa kidogo tu nisikuunguze. Ulikubali kama ulivyokubali zile volti kumi na mbili, ukafanya kazi taratibu, bila kelele. Nilikuona.

Kwa hivyo wakikuuliza huko pawasaplai gani, usianze na pawasaplai. Anza na kazi: mashine itabeba uzito gani, itakwenda mbio kiasi gani, draiva zinavumilia ngapi. Halafu uache nafasi juu. Usimwachie muuzaji achague, na ukiona mtu anang'ang'ania ndogo kuliko inavyohitajika, muulize kwa upole aliona nini huko nyuma. Pengine atakuambia. Mimi ungeniuliza siku ile, nadhani ningekuambia habari za Njeri, ingawa sina uhakika. Kuna siku mtu atawasha kitu kabla ya wakati, pengine mkubwa wako, na kitapasuka. Sina la kukufundisha hapo. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Giza linaingia na baba yako ameanza kuita chakula. Barua hii nitaiweka juu ya mizigo yako, uisome kabla ya kuondoka. Kesho tutakunywa chai pamoja, tutaomba, nitakukumbatia hapo jikoni mpaka useme inatosha. Kisha nitakuja huku, kwa sababu kuna kibao cha shule kinatakiwa mchana, na kwa sababu kituoni nitalia mbele ya makanga. Baba yako atakusindikiza. Mkitoka na mizigo mtapita hapa nje ya banda. Mashine itakuwa inakwenda, kwa mwendo wake kamili. Wewe huwa unajua kwa sikio kama mota ziko sawa, unasema zinaimba sauti moja zikiwa sawa na nyingine zikiwa zinakwama. Simama kidogo usikilize. Ukisikia kitu kimekwama, ingia.

Ukisikia zinaimba vizuri, usiingie, maitu. Enda.

Mama yako,
Nyambura